Picha ya Tetere
Mzee wa picha, kama wanaklabu wa wapiga picha wanavyomwita, hufuta lenzi kwa ncha ya shati, na mbele ya ukuta wa maonyesho hunong'ona utadhani ndege waliomo pichani wataruka. Jioni ile katibu aliisifu tena picha yake ya tetere akilisha makinda, ile iliyoshinda tuzo. Miaka minne alikuwa akiitikia sifa hiyo kwa tabasamu; safari hii hakutabasamu.

"Dada katibu, nilikata tawi lililofunika kiota ili nipate mwanga. Kesho yake mwewe aliwabeba makinda wote."

Picha hakuiondoa. Akaweka kidole juu yake, pale tawi lilipokatwa, ambapo mti ulionekana mweupe.

"Anzeni kutazama hapa," akasema, na safari hii hakunong'ona.