Asubuhi Niliyomvua Mbwa Kola

Mbwa wetu alikuwa na miaka kumi na minne, kipofu, na miguu yake ya nyuma ilikuwa imeisha nguvu. Kila asubuhi nilipitisha leso kuukuu ya kujifunga chini ya tumbo lake, nikazishika ncha zote mbili, nikamwinua nyuma, tukatoka hivyo hadi kiwanja cha nje ya geti. Yeye alitembea kwa miguu ya mbele, mimi kwa hasira. Majirani wetu wa mtaa wa Fedha walicheka. Niliwaambia wacheke tu, siku yao ya kubebwa inakuja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Mume wangu alitoka alfajiri kwenda viwandani Industrial Area kutafuta kibarua, na mikojo yote akaniachia mimi. Jumamosi ile nilikuwa nimefua matandiko ya mbwa mara mbili kabla ya chai. Nikamwambia Mungu kwa sauti, pale pale jikoni, kwamba akimchukua sitalalamika.

Kola ilikuwa imemchubua shingo ikafanya kidonda. Nikaivua, nikailoweka kwenye karai, nikampaka mbwa ile dawa ya zambarau na kumlaza kiwanjani apate jua. Nikarudi ndani kumchotea uji.

Ndipo niliposikia mlio wa bunduki. Jirani yangu, mama muuza nguo, akapiga kelele dirishani, "Mama, wamekuja wale wa kuua mbwa! Wako yuko wapi?"

Tulikuwa tumetangaziwa na watu wa kaunti habari za kichaa cha mbwa: asiye na kola ni koko, anapigwa risasi. Nikatoka mbio na kikombe cha uji mkononi. Kola nikaisahau kwenye karai.

Mwanamume mwenye bunduki alikuwa ameshaingia kiwanjani, hatua kama thelathini kutoka kwa mbwa. Sikuthubutu kuita. Mbwa angesikia sauti yangu angejaribu kuinuka, na akiinuka huyumba, na mbwa anayeyumba nani angeamini hana kichaa? Nikatembea, uji ukinimwagikia vidoleni. Nikafika, nikachuchumaa mbele yake.

"Mathe, toka hapo," yule mtu akasema.

"Huyu ni wangu. Usithubutu!"

"Kola iko wapi?"

"Ana kidonda. Njoo uangalie mwenyewe."

Akaja, akaangalia. Aliona shingo ya zambarau, macho meupe, miguu iliyokonda. Akashusha bunduki, na sauti yake ikawa ya upole, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mathe, hii imezeeka. Inaumia tu. Wacha nikusaidie. Ni risasi moja, haitasikia kitu. Wewe ingia ndani."

Mbwa alikuwa amenusa uji. Akaanza kulamba vidole vyangu, mkia ukipiga vumbi.

Nikafikiria yale matandiko. Nikafikiria Jumatatu nisiyobeba mbwa, na chai ninayoinywa ikiwa bado moto. Mbwa akamaliza kidole kimoja, akahamia kingine.

"Hapana," nikasema.

Yule mtu akainua mabega, akaenda zake. Nikamkumbatia mbwa wangu, nikalia kwa aibu. Hapana niliisema, lakini si mara moja. Kabla sijaisema, yule mtu alipata nafasi ya kukohoa, kuangalia saa yake, na kuhamisha bunduki kutoka mkono huu hadi ule.