Waliopanda Mianzi Nyumbani Kwetu

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini Lweba, kando ya ziwa, hakuna kitu nilichokiogopa kama kivuli cha mwanzi. Mianzi ya porini haikuwa na neno. Watu waliikata wakajengea, wakafumia vikapu. Ila ole wake aliyeileta akaipanda kwake. Ilisemwa kwamba siku kivuli chake kitakapogusa mlango, aliyeipanda atatolewa kwa mlango huohuo akiwa amebebwa. Kila mtu alijua jina la aliyepatwa na hayo, ingawa kila mmoja alitaja jina tofauti.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya kijito kinachotoka milimani kwenda ziwani. Kiangazi ungekivuka bila kulowesha magoti. Mvua zikianza, kilinguruma na kula ukingo. Mwaka mmoja kilichukua choo. Mwaka uliofuata kikabeba migomba yote ya mama pamoja na udongo wake, na asubuhi yake tulisimama mlangoni mwa jiko tukitazama korongo lilivyosogea, mama akiwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Baba alikuwa Lulimba akichimba dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa nadra. Nyumbani tulibaki mama, wadogo zangu, mimi, na koko, yaani mama yake baba.

Jirani yetu Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi, ndiye aliyemwambia mama la kufanya.

"Panda mianzi. Mizizi yake inakamata udongo, haiachilii."

"Na benye kuipanda, habakufa?" mama akauliza.

"Kwetu batu balikufa na vita. Sijaona mwenye alikufa na mianzi."

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa sala, na maneno ya vivuli hayakumkaa moyoni. Aliwaomba wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wakishuka kutoka milimani Bibokoboko wamletee mashina mabichi. Mama Esperansi akayakata vipande, akitoboa kila pingili tundu dogo, akimimina maji ndani na kuziba kwa matope. Tukavilaza kwenye mtaro nyuma ya jiko, tukavifunika kwa udongo mwepesi na nyasi. Sisi watoto tulipewa kazi ya kumwagilia jioni. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, nami moyoni nilifurahi. Kisha machipukizi yakatoboa udongo, makali na mazuri kama pembe za mbuzi mdogo, na sikuweza kujizuia kuyapenda.

Siku ya kuyahamishia ukingoni, koko alitangulia kushika jembe.

"Mukamwana wangu, mke wa mwanangu, kaa pembeni. Mi ndiye nitapanda."

"Hapana, mama. Hii kazi ni yangu."

"We uko na batoto. Mi nishakula siku zangu. Kama iko muntu wa kubebwa, ikuwe mi."

"Mama, mi siamini hiyo maneno. Mungu ndiye anajua siku zetu."

"Kama hauamini, juu ya nini unanikatalia?"

Nakumbuka upepo wa ziwani ukipeperusha kitenge cha mama, na machozi aliyoyafuta kwa mkono wenye udongo. Mwishowe alipiga magoti, akausimamisha mche wa kwanza shimoni. Koko naye akapiga magoti mbele yake, akaanza kusukumia udongo. Wakapanda hivyo ukingo mzima, mikono yao ikigusana.

"Sasa kifo kikikuja, kitashindwa kuchagua," koko akasema, akacheka. Mama hakucheka.

Mianzi ilikua kwa haraka ya ajabu. Mvua kubwa zilipokuja, kijito kilikula ukingo wa ng'ambo, kikafika kwetu, kikapiga mizizi ile na kugeuka. Majirani walikuja kutazama. Mama Esperansi alikata vipande akawagawia waliothubutu kupanda, wakiwa wachache.

Kivuli nacho kilikuwa kikija. Alasiri nilikitazama kikitambaa uani, na siku kilipofika kizingitini nilimkimbilia koko nikilia. Aliniketisha kwenye mkeka wake, kivulini humohumo.

"Kifike tu," akaniambia. "Nyumba iko. Banalala wapi benye habana nyumba?"

Koko alikufa wakati wa mvua za mwaka uliofuata, kifua kikiwa kimemsumbua muda mrefu. Kwenye matanga niliwaona watu wakiitazama mianzi, halafu wakitazamana. Mama aliwaona pia. Hakuing'oa.

Sasa nina watoto wangu, na ninaishi mjini Baraka. Siamini kwamba kivuli kinaua. Koko alikuwa mzee na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Kwa miaka mingi nilipowaza habari ile nilimsifu mama, aliyeusimamia ukweli mbele ya kijiji kizima, na bado ninamsifu. Lakini kadiri ninavyozeeka, ninamfikiria zaidi yule mwingine. Mama hakuamini, kwa hiyo alichopanda kilikuwa mianzi tu. Koko aliamini kila neno mpaka siku yake ya mwisho. Alipopiga magoti pale, kwa ajili ya mke wa mwanawe, mtu ambaye hakumzaa, alijua hasa anatoa nini. Akatoa huku akicheka.