Picha za Mahindi Yaliyoliwa

Wakati huo nilikuwa napiga picha Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, hasa picha za vitambulisho na za ubatizo, kwa kamera ya filamu niliyotoka nayo Kivu nikiwa nimeifunga ndani ya kitenge. Nilikuwa nimechoshwa na kazi ile. Watu waliokaa mbele ya kitambaa changu chekundu walikuwa wametoka kwenye foleni na walikuwa wanarudi kwenye foleni, na nyuso zao zilisema hivyo.

Jirani yangu, mama mjane tuliyesali naye kanisa moja, alikuwa na shamba la mahindi kando ya mafunjo ya ziwa. Msimu ule alikuwa tayari amepanda mara mbili. Kila mahindi yalipochipua, korongo wenye taji, ambao wenyeji huwaita entuuha, walitoka majini asubuhi, wakapita kwenye mistari wakiyang'oa. Alikwenda ofisi ya kambi kuomba mbegu nyingine na, kama ingewezekana, kipande cha ardhi mbali na maji. Wakamwambia kwamba ndege hao ni wa bendera ya nchi, asiwatupie hata jiwe, na kwamba huenda mbegu zake zilioza tu.

Akaja kwangu.

"Dada, uje uipige picha ile mindege ikiwa inakula," aliniambia. "Bakiona na macho yabo, batasadiki."

Mbegu alizokuwa nazo za mwisho zilikuwa ndiyo kwanza zimechipua. Kamera yangu ilikuwa ya kupiga watu walio hatua mbili tatu mbele yangu; kwa umbali wa shamba, korongo walionekana kama nukta. Ilibidi tuwangoje wasogee wenyewe. Na ili wasogee, ilibidi jirani yangu aache kupiga debe lake, ambalo ndilo lilikuwa likiwafukuza. Nilimweleza hivyo nikiwa naona haya. Alifikiri kidogo, akakubali.

Tulikwenda asubuhi nne. Tulijibanza nyuma ya lundo la mabua, matope yakipenya nguo mpaka magotini. Asubuhi mbili za kwanza hawakukaribia. Ya tatu walikuja wanane, lakini mvua ikanya nikaficha kamera kifuani. Wao hawakujali mvua. Walikula, na sisi tukaangalia. Yeye alilishika debe katikati ya magoti, viganja viwili juu yake.

Ya nne walikuja karibu sana. Nilipiga mmoja akiwa na mche mdomoni, lakini alirusha kichwa wakati huohuo, nikajua imetoka na ukungu. Filamu ilikuwa imebaki na picha tano. Ndipo wawili kati yao wakaacha kula wakaanza kucheza. Waliinamiana, wakaruka na mabawa wazi, wakazungukana, mmoja akaokota bua akalirusha juu. Sijui niseme nini. Kwa miezi mingi sikuwa nimepiga kitu kilichonifurahisha. Nilizipiga zote tano, zote za ngoma ile, huku nyuma yao wenzao wakimaliza mstari wa mwisho wa mahindi.

Niliipeleka filamu mjini Mbarara kusafishwa, nikalala huko kwa ndugu wa kanisa, nikarudi na picha kesho yake. Ile ya mche mdomoni ilikuwa ukungu mtupu, kama nilivyohofia. Tano za ngoma zilitoka safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Ofisini tulingoja mpaka saa tisa. Mkubwa aliyetupokea alizitandaza mezani, akawaita wenzake waje waone.

"Hii iko muzuri sana," alisema. "Mama, hii moja naomba ibaki hapa."

Jirani yangu alijaribu kumwonyesha udongo mtupu ulioonekana nyuma ya miguu ya ndege. Mkubwa alitikisa kichwa kwa upole, akasema shamba halionekani vizuri, alete ombi jingine msimu ujao. Picha akabaki nayo. Tulirudi kwa miguu.

Hakupewa mbegu wala ardhi. Msimu uliofuata alipanda viazi vitamu, ambavyo ndege hawakuvihangaikia, na akaniomba nimsaidie kuinua matuta. Nilikwenda. Saa sita mgongo uliniuma mpaka nikakaa chini, na hapo nikamwambia jambo ambalo lilikuwa limenikaa moyoni: kwamba siku ile ningeweza kupiga mahindi yake, nikachagua ngoma.

Alikaa kando yangu, akafuta jembe kwa kidole.

"Nilijua," alisema. "Nami nilikuwa naangalia ile ngoma. Nilisahau hata kama ile inayoliwa njo mahindi yangu."

Tulikunywa maji. Yalikuwa yamebaki matuta matatu; tuliinua mawili, la tatu tukaliachia kesho.