Upindo wa Vidole Vinne

Wateja walimwita fundi wangu Vidole Vinne, na si kwamba cha tano kilikatwa. Kila sketi ya shule aliyoshona aliiachia upindo mpana wa vidole vinne, akiupima kwa mkono wake mwenyewe, ili mtoto akirefuka mzazi aufumue, aushushe, na sketi ile ile imalize mwaka wa pili. Mimi nina duka la sare. Kwa miaka kumi na moja alinishonea yeye peke yake, na sifa nyingi nilizopewa mimi zilikuwa zake.

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua duka, nilipitia kwenye chumba chake cha kazi. Cherehani mbili, meza ya kukatia, mkewe akishona vifungo karibu na dirisha. Fundi alinipa kigoda, akapindua sketi nje ndani, tukakagua mshono mmoja mmoja.

"Dada, nguo inasema ukweli kwa ndani," alipenda kuniambia.

Hapo ndipo aliponionyesha zipu zisizofaa na kitambaa kinachochuja rangi. Mara moja alinigomea siku mbili nzima mpaka kitambaa kifuliwe kwanza, maana alihisi kitanywea. Nilinuna. Kikanywea kweli, tena kweli kweli, na aibu ya watoto mia kutembea na sketi za wadogo zao ikanipita pembeni.

Kisha likafunguliwa duka jingine mkabala na langu, la bei ya kutupa. Nikaingiwa na kiwewe. Jumatatu nikaacha kwenda, nikawa namtumia fundi sauti kwenye simu: haraka, leta, bado tu? Msimu mmoja wa kufungua shule nikamwambia apunguze upindo, ili kila jora la kitambaa litoe sketi mbili zaidi. Akanijibu kwa maneno matatu: "Watoto wanakua, dada." Sikumbuki nilimjibuje, au niseme nilijitahidi nisikumbuke.

Sketi zikaja nyingi na kwa wakati. Sikuipindua hata moja.

Muhula wa pili akaja mama mmoja na binti yake aliyerefuka ghafla, duka limejaa. Akaiweka sketi juu ya kaunta, akaigeuza ndani. Upindo ulikuwa wa kidole kimoja.

"Hii si ya Vidole Vinne?" akauliza. "Mbona hapa hakuna cha kushusha?"

Watu wote walinitazama. Ningeweza kusema neno moja la kweli. Badala yake nikacheka, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mama, kikulacho ki nguoni mwako! Fundi siku hizi anabania vitambaa, anajikatia vyake."

Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama yule akaiacha sketi pale kaunta, akaondoka na binti yake.

Habari ya namna hiyo haihitaji nauli. Baada ya wiki tatu, waliokuwa wakimpelekea fundi vitambaa vyao wenyewe walianza kuvifuata, hata ambavyo havijakatwa. Nilipoyasikia hayo nilishindwa kula. Jumatatu nikaenda.

Cherehani moja ilikuwa imefunikwa shuka. Mkewe alipoitika salamu hakuinua macho. Fundi akanipa kigoda kama zamani, kisha akachukua simu yake mezani, akabonyeza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, changamfu: "Fundi, kidole kimoja kinatosha! Nani anaangalia ndani? Wakikua si watanunua nyingine?"

Nilitamani kigoda kile kinimeze.

"Mama watoto anataka niwasikilizishe watu," fundi akasema taratibu. "Nimekataa. Ulisema kwa mdomo wako, dada. Rekebisha kwa mdomo wako."

Nikamwapia nitafanya hivyo. Akaniomba ile sketi ya binti, nikampelekea. Akaiunganishia kipande kwa chini, akaacha vidole vinne, na hakutaka malipo.

Mama wa binti nilimwita dukani saa nane mchana, wakati ninaoujua kuwa hauna wateja. Nikampa sketi. Nikamweleza yote: fundi hakuiba hata uzi, ni mimi niliyemwagiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiupapasa ule upindo.

"Siku ile ulisema kwa sauti," akaniambia. "Leo mbona unaninong'oneza?"

Kabla sijajibu wakaingia wanawake wawili. Mmoja wao nilimkumbuka. Siku ile alikuwepo, alicheka mpaka akafuta machozi. Mama wa binti hakuondoka. Alisimama pale pale, ameikumbatia sketi, ananingoja.

Yule mwanamke akauliza bei ya soksi. Nikamtajia bei ya soksi.