Ng'ombe Mwekundu wa Sabae

Mimi Kisaburo ni mchoraji, na ukitaka kuona kazi zangu itabidi uzame mtoni. Sitanii. Karibu maisha yangu yote nimechora picha za kutundikwa juu ya watoto wenye ndui: shujaa mwenye madevu akimkanyaga pepo, bundi wa kuchezea, samaki mnono wa sherehe. Vyote kwa wino mwekundu, maana mungu wa ndui haheshimu rangi nyingine. Mtoto akipona, picha inachomwa au inatupwa mtoni pamoja na mungu mwenyewe, aende zake. Mtoto asipopona, hakuna anayekuja dukani kulalamika kuhusu michoro. Niambie, ni biashara gani nyingine yenye raha hiyo?

Mmoja tu aliwahi kuja. Mjane, jina lake Shige, aliingia na picha zangu mikono miwili akanirushia zote usoni. Nikamuoa.

Baba alikuwa amenipeleka shule ya maandiko ya Kichina ili niwe msomi. Nilifukuzwa kabla ya theluji ya kwanza kwa kumchora mwalimu pembeni mwa kitabu akiwa na mkia. Mkia haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa uso, ulifanana naye mno. Tangu siku ile sijachora kitu kikafanana na chochote.

Tangazo langu kubwa lilikuwa uso wangu mwenyewe. Hapa mjini Sabae nusu ya watu wana nyuso zilizotobolewa na ndui. Wangu ni laini kama tofu, ile jibini ya soya. "Mnaona?" nilikuwa nawaambia wateja. "Faida ya kulala chini ya picha zangu." Nisichowaambia ni kwamba ndui ikiingia mtaani, mimi hupata safari ya ghafla ya kwenda kununua karatasi milimani.

Mwaka mmoja baada ya meli ya Waholanzi kushusha Nagasaki mbegu ya ndui ya ng'ombe, kijigonjwa kinachomkinga mtu na ndui yenyewe, mbegu hiyo ilifika kwetu, na tabibu wetu kijana, Ryosai, ambaye sote tunamwita Mwalimu, akaja dukani.

"Bwana Kisaburo, nataka picha ya kuwavuta wazazi walete watoto wachanjwe. Mtoto ampande ng'ombe, ashike mkuki, amfukuze pepo wa ndui."

"Rangi gani, Mwalimu?"

"Nyekundu. Si ndiyo wanayoiamini?"

Ng'ombe nilimjua kwa upande wa nyuma tu, kama mtu yeyote anayetembea barabarani nyuma ya mizigo. Mbele nikabuni: macho ya pepo, pembe za pepo, kwa sababu hizo mkono wangu umezizoea. Lakini balaa lilikuwa kwenye wino. Mtoto mwekundu, juu ya ng'ombe mwekundu, bila mstari wa kuwatenganisha. Nilipokwisha kubandika nakala sokoni ndipo nilipoona kwamba mtoto anaishia kiunoni, na kuanzia hapo kwenda chini ni ng'ombe.

Gonta, muuza mkaa, ndiye aliyewafafanulia watu. "Huyu," alisema akiigonga karatasi kwa kidole cheusi, "amechanjwa juzi tu."

Asubuhi iliyofuata ua wa tabibu ulikuwa mtupu. Mwalimu Ryosai akarudi dukani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hii mbegu ukiiweka chupani inakauka," alisema. "Inaishi mkononi mwa mtu. Baada ya wiki hivi lazima ihamie kwa mwingine ambaye hajawahi kuugua ndui. Sasa watoto wote wamefichwa. Aliye nayo ni Kinu tu, binti wa msokota kamba, na kidonda chake kimeiva. Kesho nisipopata mkono mwingine, basi tena."

"Si utachukua nyingine Kyoto?"

"Njia za mlimani zina theluji mpaka kifuani. Na ndui imeshafika vijiji vya bondeni, Bwana Kisaburo."

Nikatoka mbio kuitetea picha yangu nyumba kwa nyumba. Mama Toyo, mke wa mtengeneza tofu, alinisikiliza akiwa na mwanawe mgongoni.

"Yule si nusu ng'ombe, Mama Toyo. Ni mtoto kampanda ng'ombe."

"Miguu yake iko wapi?"

"Iko upande wa pili."

"Yote miwili?"

"Ndiyo."

"Atadondoka, kaka. Na wewe, umechanjwa?"

"Mimi? Mimi nalindwa na..."

Mlango ukafungwa.

Nyumbani nilimkuta Shige anamenya figili. Nikamweleza yote, nikitegemea huruma.

"Mwalimu anatafuta mkono ambao haujaugua ndui," alisema bila kuinua macho.

"Wa mtoto."

"Alisema wa mtoto?"

Nikafikiri. "Alisema wa mtu."

"Basi mtaani kwetu kuna mtoto mmoja mkubwa."

"Shige! Wateja watasema nini? Nikichanjwa, si ndiyo nimekiri kwamba picha zangu..."

Akaweka kisu chini. "Mwanangu nilimtundikia picha zako ukuta mzima. Mteja akikuuliza, mlete kwangu nimjibu."

Asubuhi nikakaa mkekani kwa tabibu, bega wazi, kando ya Kinu, ambaye hata meno hayajamtimia. Mwalimu alipogusa kidonda chake kwa ncha ya kisu, mtoto hakutikisika. Ncha ile ile iliponikwaruza mimi, nikalia kwa sauti ambayo baba yangu alilipa ada ya shule ili isisikike.

"Usilie, babu," alisema Kinu akinipapasa goti. "Ukipona utakula wali mwekundu wa sherehe."

Wiki ile duka langu halikuwahi kujaa namna hiyo, na hakuna aliyenunua kitu. Walikuja kuniangalia kichwa. Gonta alileta majani makavu, kayaweka mlangoni na kuinama kwa heshima. "Karibu chakula, mzee." Usiku nilipata homa kidogo, nikamwomba Shige anishike paji la uso. Akalishika, akaniambia pale hakuna kinachoota, wala ndani yake.

Siku ya kuvuna mbegu, ua wa tabibu ulifurika watu, na wote walikuwa watazamaji. Kidonda changu kimenawiri kama lulu na hakuna mkono wa kukipokea. Mwalimu Ryosai alikuwa anafutafuta kisu ambacho kilikwisha kuwa safi.

Ndipo Mama Toyo akapenya. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Pembe hakuna. Mkia?"

"Mama Toyo!"

"Nauliza tu. Sura ya ng'ombe ulikuwa nayo zamani, naona haijazidi."

Akamfungua mwanawe mgongoni. Kisu kikagusa bega langu, kikaenda kwenye bega lile dogo, na mtoto akapiga kelele ya kuvunja paa. Nyuma yao Gonta alikuwa akimsukuma mjukuu wake mbele, huku analalamika kwamba anasukumwa yeye.

Shige alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa mtoto usicheze. Aliitazama ile alama mpya begani, hakupepesa jicho. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, hajawahi kutazama hivyo kitu kilichotoka kwangu.