Sisimizi Chumbani kwa Mama

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nilipokuwa mdogo kwetu Sengerema, siafu waliingia bandani wakamkuta kuku anaatamia. Kuku wengine waliruka wakajiokoa. Yule hakuondoka juu ya mayai yake, na tulipofungua banda tulikuta manyoya na mifupa tu. Tangu siku hiyo, chochote kinachotembea kwa msururu hunisisimua mwili.

Ndiyo maana ndugu zangu walidhani nimechanganyikiwa waliposikia nafuga sisimizi, tena chumbani kwa mama.

Sikupanga. Mvua za kwanza zilimwangusha malkia mmoja, mweusi, mwenye mabawa, kwenye beseni langu la nguo. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyowafuga, nikamtia kwenye chupa ya dawa yenye pamba iliyoloweshwa. Akataga. Miezi ikapita, wakajaa, nikawahamishia kwenye tangi la kioo ambalo zamani lilikuwa la samaki wa mapambo. Nikawa nawalisha maji ya sukari na vipande vya dagaa, huku nikijishangaa.

Kisha mama akapata kiharusi. Tukamvusha kwa kivuko, nikamlaza kwangu hapa Mwanza, kwenye chumba kinachotazama ziwa, upande wake wa kushoto wa mwili hausikii kitu. Mimi ni fundi cherehani, nashinda sebuleni nashona. Yeye anashinda anatazama dari. Siku moja akasema, "Mayu, niletee wale wadudu wako niwaone." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikakataa. Mtu asiyeweza kuinuka, na wadudu wanaouma! Nilimwona yule kuku. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kwani sisi sukari tulikuwa tunaiwekaje?"

Alikuwa anakumbusha kabati letu la zamani, ambalo miguu yake ilisimama kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Basi nikageuza mambo: meza ya tangi nikaisimamisha kwenye makopo manne ya maji ili wao wasishuke. Juu sikufunika, maana kioo kikifunikwa kinatoa jasho na mama haoni. Walikuwa wanashuka hadi kwenye maji, wanapapasa, wanarudi. Mama aliwacheka kama abiria waliokosa kivuko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naacha nguo ya mteja kwenye cherehani, sindano imezama kwenye kitambaa, naenda kuchungulia makopo. Mama ndiye aliyekuwa ananituliza. "Usiogope. Mkono unarudi. Leo nimesikia vidole." Siku nyingine akasikia kiganja. Nikawapigia ndugu zangu simu kuwaambia mkono wa mama unarudi. Habari hiyo ndiyo iliyokuwa inanipa usingizi.

Asubuhi moja wadudu wa ziwani wakapanda. Anayeishi huku anawajua: wingu kama moshi linanyanyuka majini, linasogea nchi kavu, na likifika hufungui mdomo. Nilikimbilia kwanza kuanua nguo za wateja, fundi ni fundi. Nilipofika chumbani kwa mama kufunga dirisha, walishaingia. Nikampangusa uso, nikampa uji, nikafagia, nikarudi kushona. Makopo sikuyatazama. Nilijua yana maji.

Baadaye nikamsikia anacheka peke yake. Nilifurahi, jamani. Nikamwacha aendelee. Nilipomaliza kushona mkono wa gauni nikaingia kumsikiliza.

Makopo yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijivu. Wale wadudu walikuwa wamefia humo, wamelaliana juu ya maji, na sisimizi wangu walikuwa wanapita juu yao bila kulowa hata miguu. Mstari ulivuka sakafu, ukapanda kwenye shuka lililoburuzika chini, ukaingia ndani ya kanga aliyojifunika, upande wa kushoto.

"Wamekuja kunisalimia," mama akasema, macho yanang'aa. "Hebu niangalizie, wanaenda wapi?"

Nikafunua kanga. Uji wa asubuhi ulikuwa umemdondokea na kukauka katikati ya vidole vya mkono, nao walikuwa wamejazana pale hata ngozi haionekani. Mama alikuwa bado anatabasamu, anasubiri jibu.

Nikapiga kelele. Niliwapukuta kwa kanga, kwa viganja, wakaniuma nami nikaruka. Vidole vyake viwili vilikuwa vimechimbika, vinatoa damu. Ndipo alipogeuza shingo akauona mkono wake.

"Nilikuwa nakudanganya, mayu," akasema. "Nilikuona unaogopa mno."

Tangi nililitoa nje siku hiyohiyo, nikalilaza kwenye mawe nyuma ya nyumba waende wanakotaka. Lakini kwanza nilileta beseni nikauzamisha ule mkono pamoja na wangu. Maji sikuyapima joto, kwa haraka niliyokuwa nayo. Mama hakuutazama mkono. Alikuwa ananitazama mimi usoni, ili ajue kama maji ni ya moto au ya baridi.