Mtakatifu Mwenye Kidonda

Juzi kwenye jumuiya ya kanisa, huku Kisumu Ndogo, mama mmoja alifunua mguu wake mbovu, wenye kidonda. Wenzangu wakaziba pua kwa leso, wakamwambia avumilie kama watakatifu. Kilichonichukiza mimi si kile kidonda, ni maneno yao.

Harufu ile ilinirudisha utotoni, Marereni. Katekista alituonyesha picha ya mtakatifu mwenye kidonda pajani, uso umetulia kabisa. Alieleza mengi, lakini mimi nilishika kidonda tu, nikadhani utakatifu ndio huo. Nami nilikuwa nacho changu mguuni, nilijikata kwenye mashamba ya chumvi. Nikakifunga kitambaa, nikakificha. Kilipoanza kunuka kama samaki aliyeoza, nikajiona nakaribia mbinguni.

Alasiri moja mama yangu alirudi kutoka kazini kwenye chumvi, akanusa.

"Wewe, njoo hapa. Ni nini kinachooza?"

"Nateseka kama mtakatifu, mama."

Alifungua kitambaa, funza wakaanguka sakafuni. Akakimbilia nje, akatapika, akarudi.

"Utakatwa mguu, mwana we! Na huyo mtakatifu wako, kidonda alikipatia wapi?"

"Akiuguza wagonjwa wa tauni."

"Wewe umemuuguza nani?"

Mama akachemsha maji na majani ya mwarobaini, akaniosha kwa mikono iliyopasuka kwa chumvi. Kila maji yalipopenya kwenye zile nyufa, aliuma meno. Nikamuuliza kama anaumia.

"Tulia," akasema. "Lete mguu."